Mwekezaji anaitaka timu yetu ya Wete, lakini watu wake wamepima jengo kwanza

Bi Jezi, Wete

Assalaam alaykum. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumapili ijayo. Wanachama tumeitwa mkutano wa dharura, ajenda ni moja tu: kumkabidhi timu mwekezaji. Jina la timu nalihifadhi. Wa Wete mtanijua kwa maelezo, na mkinijua nistirini.

Mie ni mtu mzima, mjane, mwanachama mwenye kadi. Mpira sijaucheza, lakini jezi za timu hii zinafuliwa uani kwangu mwaka wa kumi na sita sasa. Namba sita ina tundu kwapani, nimeshalishona mara tatu, na mara ya mwisho kwa uzi mweupe kwa sababu kijani kile hakipatikani tena madukani. Marehemu mume wangu alikuwa katibu, na daftari lake la michango ninalo kabatini. Humo umo mwaka ambao karafuu zilizaa sana, kila mchumaji wa mtaani akatoa thamani ya pishi moja. Tulinunua mipira sita na nauli ya Unguja ikabaki. Misimu miwili hii mikarafuu imekataa, na kurasa za daftari ni nyeupe.

Hali ni ngumu, sifichi. Tunadaiwa nauli za boti. Tunadaiwa na mama ntilie wa Unguja aliyewalisha vijana wetu kwa mkopo, kwa huruma yake tu. Posho haijatoka mwezi wa tatu huu. Mechi ya mwisho uwanjani Gombani walikwenda Chake kwa gari ya mizigo na kurudi nayo usiku, mvua inawapiga. Jezi nilizipokea saa nne zinachuruzika maji, na aliyezileta anatetemeka. Nilimpa chai na kanga ya kujifunika.

Kwa hiyo aliposema kijana mmoja wa hapa hapa, biashara zake ziko Dar na Dubai, kwamba anaitaka timu, mie ndiye niliyefurahi kuliko wote. Mama yake namjua. Ahadi zake ni kulipa madeni yote, kununua basi dogo, na kutoa posho kwa misimu mitatu.

Kisha ukaja mkataba. Kurasa mbili. Yeye asilimia 90, wanachama 10. Na kwenye ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka chini: "pamoja na mali zote za klabu zinazohamishika na zisizohamishika". Nimeusoma mstari huo chini ya taa mpaka macho yakauma. Timu yetu ina mali gani isiyohamishika? Ni moja tu, jengo. Vyumba viwili, baraza ya mbele, na nyuma kiwanja chenye mwembe. Mzee mmoja wa mtaa, Mungu amrehemu, alikitoa kiwanja kile kabla sijaolewa, akasema mbele ya watu barazani kuwa ni cha watoto wa mpira. Hakuna karatasi. Wakati ule palikuwa pembeni ya mji, leo barabara inapita mlangoni.

Wajumbe wake walikuja Alkhamisi. Mazoezini walikaa hata robo saa haikutimia. Hawakuuliza nani mfungaji wetu, nani majeruhi, tuna vijana wangapi wa chini ya miaka kumi na saba. Halafu wakaja jengoni na futi ya fundi, wakapima kutoka barazani hadi ukutani nyuma, wakapima mpaka shina la mwembe, na mmoja anaandika kwenye simu. Nilikuwa nimekaa pale na beseni la jezi. Tulisalimiana vizuri.

Ninalouliza ni hili: huyu ananunua nini hasa? Timu, nafasi ya ligi, au kiwanja? Na kama yupo aliyepitia jambo hili, mlimwuliza nini mwekezaji kabla ya kutia saini?

Kiungo Mkabaji

Shikamoo Bi mkubwa. Mimi nimecheza timu ya uraiani misimu minne, na nakuambia kwa heshima kama mama yangu: tieni saini.

Angalia ligi yetu. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, zote za vikosi vya serikali. Mchezaji akienda huko anapata ajira, sare na mshahara wa mwezi. Sisi wa uraiani tunamlea kijana toka ana miaka kumi na mbili, akianza kujulikana tu anaondoka, na humlaumu, maana ana mama wa kumlisha. Mimi niliumia goti uwanjani Amaan, Unguja, nikarudi Pemba kwa nauli ya kuchangiwa, na dawa nikajinunulia. Hakuna aliyekuwa mbaya, pesa ndiyo haikuwepo.

Na timu ya uraiani ikiwa na mtu nyuma yake inaweza. Mlandege walichukua Kombe la Mapinduzi 2023, na Januari 2024 wakalichukua tena kwa kuifunga Simba 1-0 kwenye fainali, pale pale Amaan. Simba yenyewe! Mwekezaji mkimtisha kwa maswali mengi anapanda boti anaondoka, na nyie mnabaki na mwembe wenu na daraja la chini.

Bi Jezi, Wete

Marahaba mwanangu, na pole kwa goti. Uliyoyasema ni kweli tupu na yameniuma, kwa sababu kijana kama wewe ndiye niliyemfunika kanga juzi. Sikatai mwekezaji. Lakini kama ana nia ya mpira, mwembe wa nini? Basi ataliegesha popote.

Mtu wa Usangu

Mama, naandika nikiwa Mbarali, Mbeya. Nyie hamtujui, lakini timu yetu mliijua: Ihefu. Jina lile ni la ardhi oevu yetu huku Usangu, inayoulisha mto Ruaha Mkuu. Wengi wanaikumbuka kwa siku moja, Novemba 29, 2022, tulipoifunga Yanga 2-1 ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nilikuwepo uwanjani Ubaruku. Watu walitoka mashambani na matope ya mpunga miguuni.

Mwaka 2024 timu ilihamia Singida, kisha ikaitwa Singida Black Stars. Sisemi kuna aliyeiba. Timu ipo ligi kuu, inasajili wachezaji wazuri, posho naamini zinatoka. Ila Jumamosi ikifika sisi hatuna pa kwenda. Mwanangu aliniuliza kama bado ni timu yetu, nikashindwa kumjibu.

Kwa hiyo mbali na jengo, uliza jina na uliza mji. Mkataba wenu unasema timu itabaki Wete? Kama haukusema, hesabu kwamba umesema inaweza kuondoka.

Mkaazi wa Vuga

Bi Jezi, nimefanya kazi za mikataba miaka kadhaa, ingawa vilabu si fani yangu kuu. Niseme yale nisiyo na shaka nayo.

Kwanza tafuteni katiba ya klabu, ile iliyopo kwa Mrajis wa vyama vya michezo, si nakala ya mtu mkononi. Angalieni inasema nini juu ya kuuza mali na kubadilisha umiliki: akidi ni wangapi, na kura inayotakiwa ni nusu au theluthi mbili. Mkutano wa dharura ulioitwa kwa tangazo la siku chache unaweza kuwa batili wenyewe. Pili, asilimia 90 ni nyingi mno. Simba walipopiga kura Disemba 2017 kumpokea mfanyabiashara Mohammed Dewji, ahadi ilikuwa shilingi bilioni 20, na mgawanyo uliokuja kukubalika ni mwekezaji 49, wanachama 51. Kanuni ile ya 49 kwa 51 ni ya Bara, na michezo si jambo la Muungano, kwa hiyo msiitegemee kama ngao. Lakini mnaweza kuidai mezani kama mfano. Ujerumani nako kwa kawaida wanachama hubaki na zaidi ya nusu ya kura katika klabu, hata mwenye pesa awe nani.

FIFA nao, kwenye katiba yao, wanataka nafasi ya ligi ipatikane uwanjani. Wamekataza klabu kubadilisha muundo, makao makuu au jina kwa ajili ya kujipatia nafasi hiyo, pale inapoharibu uadilifu wa mashindano. Mnaweza kuwauliza shirikisho letu, ZFF, kwa barua, na mdai jibu la barua. La simu msilikubali.

Sasa kiwanja, na hapa nakuomba usome polepole. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, mtu anakuwa na haki ya matumizi. Umesema mzee alikitoa mbele ya watu kwa ajili ya watoto wa mpira. Je, alitamka wakfu? Kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kama yupo shahidi hai, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkaulize, kabla ya Jumapili. Inawezekana wakasema hapana, haikutimia masharti. Basi hata hivyo wekeni jengo chini ya wadhamini watakaochaguliwa na wanachama, na timu ilitumie bure. Mwekezaji akinunua hisa asilimia yoyote, jengo halimo.

Na ule mstari wa tatu kutoka chini, usijaribu kuurekebisha. Ufutwe.

Mpemba Ughaibuni

Salaam kutoka Uingereza kaskazini. Karibu na ninapokaa kuna mji unaitwa Bury. Timu yao ilikuwa kwenye ligi toka 1894. Disemba 2018 iliuzwa kwa pauni moja, kwa sababu ilikuwa na madeni na mnunuzi aliahidi kuyabeba. Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi, pesa hazikuonekana. Na uwanja wao, Gigg Lane, ulikuwa tayari umewekwa rehani na mmiliki wa kabla yake. Nilipita pale wiki ile, geti limefungwa, watu wazima wanalia wamefunga skafu kwenye vyuma.

Mashabiki walikuja kuununua uwanja 2022. Zaidi ya miaka miwili walikaa nje ya geti lao. Dada yangu, neno "rehani" liandikwe kwenye mkataba wenu, kwamba ni marufuku. Na mwambieni aonyeshe pesa iko benki gani kabla ya mkutano. Mwenye nayo hachukii kuulizwa.

Kiungo Mkabaji

Nimesoma ya Usangu na ya Bury. Sikuwa nayajua. Bado nasema vijana walipwe, Bi mkubwa, hilo naomba lisisahauliwe kwenye maneno ya viwanja. Lakini mstari ule nami singeutia saini.

Bi Jezi, Wete

Mungu awalipe kheri nyote. Nimepita huku na huku siku mbili hizi, miguu imevimba.

Waliokuwepo barazani siku ile wamebaki wawili. Mmoja kumbukumbu zimemtoka, alinishika mkono akaniita kwa jina la mama yangu. Wa pili yuko Konde kwa binti yake, ana macho mabovu lakini akili nzima. Nilikwenda na gari ya asubuhi. Sikumwongoza, nilimwuliza tu mzee alisema nini. Akanyamaza kidogo, akasema: "Alisema uwanja ule ameutoa kwa ajili ya Mungu, watoto wapate pa kuchezea na pa kukaa, na asije mtu wake akaudai." Nikamwuliza alitamka wakfu? Akasema neno hilo halikumbuki, na hataki kusema asilolikumbuka. Nimemheshimu kwa hilo. Jumatatu mjukuu wake atampeleka Kamisheni akaseme hivyo hivyo alivyosema.

Usiku nikalifungua daftari la marehemu kurasa za mwanzo kabisa, ambazo huwa sizifungui. Kuna orodha ya waliochangia matofali ya jengo. Majina arobaini na moja. Mwengine ametoa mifuko miwili ya saruji, mwengine siku tatu za kufyatua, mwanamke mmoja ametoa "chakula cha mafundi, Ijumaa". Na jina la ishirini na saba ni la babu yake huyu kijana mwekezaji. Alitoa milango.

Nikampigia kijana mwenyewe, wajumbe nimewaacha. Nilimwambia: mwanangu, madeni tulipie, jina la mlezi tutakupa, ukitaka hisa tuzungumze mpaka arobaini na tisa, timu haitoki Wete, na jengo tuachie, babu yako ametia milango. Nikamsomea jina lake kwenye daftari. Hakusema kitu kwa muda, nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza: "Milango ile ile ya rangi ya samawati?" Nikasema ile ile, imepakwa tu. Akasema atanipigia. Mpaka sasa, baada ya Isha, hajapiga, na sitaki kumsemea nia yake, nzuri wala mbaya.

Mkaazi wa Vuga, nakuomba kitu kimoja zaidi. Niandikie kifungu cha wadhamini na cha kutoweka rehani, kwa Kiswahili chepesi, mistari minne au mitano. Nataka nikisome mwenyewe Jumapili mbele ya wazee, na wengine hawasomi, kwa hiyo kisikilizike kwa mara moja. Na mwanangu wa goti, posho za miezi mitatu nimeiweka ajenda ya kwanza, kabla ya jengo. Nimeiandika kwa mkono wangu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.