Mjadala: Mzazi auze ng'ombe ili mtoto aende chuo na Windows 11?

Hoja iliyo mezani ni hii. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wazazi wengi huku kwetu, kuanzia Kisumu hadi Bungoma, wanaambiwa kwamba laptopu isiyobeba Windows 11 ni ya kutupwa, na kwamba anayejiunga na chuo lazima anunuliwe mpya kabisa. Napinga. Mfumo endeshi si sababu ya kumtoa ng'ombe zizini, na idara yoyote ya chuo inayomsukuma mzazi hadi hapo inamwonea.

Kwanza tuweke habari sawa. Windows 10 haikuzimika siku ile. Bado inawaka, na kazi inaandikwa na kuchapishwa. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, na hilo si dogo kwa mtu anayefungua akaunti yake ya HELB (mkopo wa masomo) na eCitizen (huduma za serikali) humo humo. Microsoft yenyewe iliweka mpango wa kuongeza muda wa masasisho hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Kwa hiyo hatari ipo, lakini haimlazimu mtu kukimbilia dukani kesho asubuhi.

Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hapo ndipo watu wetu wanapopunjwa. Laptopu za mtumba tunazoziita ex-UK zilikuwa za maofisini. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6. Ile ya G5 kwa kawaida ni ya kizazi cha 8. Kwa mzazi anayetazama nje tu, zote mbili ni EliteBook za rangi ya fedha, na muuzaji atasema "hii ni Core i5" bila kudanganya hata kidogo.

Basi ukifika madukani pale Oginga Odinga Street, Kisumu, usiishie kwenye i5. Tazama tarakimu inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na jina kamili la prosesa litajitokeza mbele yenu wote wawili. Halafu fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha betri iliundwa kubeba chaji kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, omba upunguziwe bei au ubadilishiwe betri, kwa sababu mwanafunzi aliyepanga chumba Luanda au Lurambi anajua stima inavyopotea mvua ya jioni ikianza. Izime na uiwashe mwenyewe pia. Ikidai nenosiri la kampuni ya zamani kabla hata Windows haijafunguka, iache hapo hapo.

Wanaotetea laptopu mpya wana hoja moja nzito, nayo ni warantii. Naiheshimu. Lakini tazameni mpya ya bei ya chini ina nini ndani: mara nyingi ni prosesa dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya GB 64. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Ikishajipakia na masasisho yake, nafasi ya kazi za miaka minne itatoka wapi? Mashine ya ofisi ya kizazi cha 8, yenye RAM ya GB 8 na hifadhi ya SSD ya GB 256, itaishinda kila siku ya muhula, na siku RAM ikihitaji kuongezwa, nyingi kati ya mashine hizo hufunguliwa kwa bisibisi tu. MacBook sitaichambua hapa. Ni mashine nzuri, ila RAM yake haiongezeki na fundi wake si wa kila mtaa.

Sasa kwa aliye tayari na ile ya kizazi cha 6, pengine aliyoachiwa na kaka yake. Huyo asinunue chochote. Aweke Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi ya familia ya Linux inayokaa mahali pa Windows. Ni bure kihalali, Ubuntu 24.04 itapata masasisho hadi 2029, na anaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla hajagusa diski. Nasisitiza uhalali kwa sababu mafundi wetu wamezoea kutuwekea Windows isiyo na leseni, pamoja na programu ya kuihadaa ambayo hakuna ajuaye inafanya nini kingine. Cha kusikitisha ni kwamba laptopu nyingi za ofisi zilizotoka na Windows zina ufunguo wa leseni ndani ya bodi. Ukiweka toleo linalolingana nao, inajithibitisha yenyewe.

Najua mtasema mhadhiri anataka Word. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua na kuhifadhi faili za Word. Jedwali lenye safu nyingi linaweza kuhama, hilo nakubali, ndiyo maana kazi iliyokamilika itumwe kama PDF: kilichoko ukurasa wa 3 kitabaki ukurasa wa 3 kwa kila atakayeifungua.

Pale ninaposalimu amri ni kwenye kozi. AutoCAD, Revit na ArcGIS Pro hazina toleo la Linux. Wa uhandisi au wa ramani anunue mashine ya Windows yenye nguvu, na mzazi asilaumiwe kwa gharama hiyo. Lakini mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili na historia? Wa sosholojia? Wa takwimu, wakati R, programu ya takwimu, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux?

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro, Kibabii na Jaramogi Oginga Odinga. Kila idara itaje, ndani ya barua ya kujiunga, programu hasa ambazo mwanafunzi wake atatumia kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, na iseme wazi kama inapokea PDF. Anayepinga aje na jina la kozi na jina la programu, tuipime hapa. Na mafundi wa Kondele na Kakamega mnaoweka Linux, semeni mnatoza kiasi gani, maana hoja ya "huku hakuna wa kuitengeneza" ndiyo ninayoisikia zaidi, na ni ninyi mnaoweza kuijibu.