Mjadala: Je, sekondari za Kikatoliki zijitafiti dhamiri mbele ya wazazi?

Mleta mada, Iringa

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwa wasomaji wa imani nyingine. Hoja yangu ni kwamba sekondari za Kanisa katika majimbo ya Mbeya, Iringa, Njombe na Mafinga zitakiwe kila mwaka kujitathmini kwa maandishi, katika mitihani na katika utume wake pia, na taarifa hiyo isomwe kwenye kikao cha wazazi.

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini sisi tunaendelea kuzipanga shule zetu kwa idadi ya Daraja la Kwanza, kana kwamba hiyo ndiyo hesabu pekee tutakayoulizwa. Katika Misa tunaungama kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Hilo la mwisho ndilo linalozihusu shule. Shule inaweza kufaulisha watahiniwa wake wote na bado ikawa imekosa, kwa sababu mtoto wa mkulima wa viazi kule Makete alishindwa ada, au kwa sababu aliyekuwa chini ya wastani alishauriwa kuhama kabla ya kuandikishwa mtihani wa Kidato cha Nne. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965, linataka shule za Kikatoliki ziwajali hasa maskini, waliokosa msaada wa familia na walio mbali na imani. Matokeo ya mtihani hayawezi kutuambia kama tunao hao, wala tumewafanyia nini.

Si jambo geni. Uingereza, shule ya Kikatoliki huandika kwanza tathmini yake yenyewe kuhusu maisha ya Kikatoliki, elimu ya dini na sala za pamoja, ndipo wakaguzi wa Kanisa hufika, na ripoti yao huwekwa wazi.

Mwalimu wa sekondari, Njombe

Milele amina. Ndugu mleta mada, umeisahau Kanuni ya 806 ya Sheria za Kanisa, inayowataka wakuu wa shule wahakikishe elimu yao walau inalingana na ya shule nyingine za eneo hilo. Kusaka ufaulu si dhambi. Tena wathibiti ubora wa serikali huja na fomu zao, na fomu ya dini itajazwa kama hizo zinavyojazwa, usiku wa kuamkia ugeni. Nyingi ya shule hizo za Uingereza zinaendeshwa kwa fedha za umma, wakati mshahara wangu unatoka kwenye ada. Mkuu wa shule atakayesoma udhaifu wake hadharani atawapoteza wazazi wenye uwezo, na hapo maskini unayemtetea atasaidiwa na nani?

Mzazi, Tukuyu

Mimi ni Mmoravian na binti yangu anasoma kwenu. Sala zenu sizikagui. Nataka kujua walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi, na kati yao wangapi walifanya mtihani wa Kidato cha Nne hapo hapo.

Mleta mada, Iringa

Mwalimu, kuhusu fomu umesema kweli, na ninaliondoa wazo la waraka mrefu. Lakini kanuni hiyo hiyo, katika aya yake ya kwanza, inampa askofu haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule zote za Kikatoliki jimboni mwake, zikiwemo za mashirika ya kitawa. Kuinua elimu hadi ilingane na ya majirani ni kazi ya kufundisha. Kuwaondoa wasioweza ili wastani upande ni kazi nyingine kabisa, na mzazi wa Tukuyu ameiona bila kusoma kanuni yoyote.

Kuhusu fedha, parokia zetu zinachangia seminari mwaka hadi mwaka. Sioni kwa nini zisichangie ada ya wachache katika sekondari ya jimbo, mradi zionyeshwe wamebaki shuleni.

Basi tuanze na namba mbili za mzazi huyu, pamoja na sababu ya kila aliyeondoka, bila majina, na katibu wa elimu wa jimbo azipate kabla ya ziara ya askofu. Mwalimu, katika shule yako ni nani angezuia namba hizo zisisomwe, na angetoa sababu gani?