Uzamili wa uhandisi wa programu mtandaoni: nalipa kwa pauni, msimbo wangu haufunguliwi na mtu

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimefura, mwenye haraka zake apite tu.

Nasoma uzamili wa mifumo ya habari, mkondo wa uhandisi wa programu, kwa njia ya mtandao, chuo kimoja cha England. Jina silitaji, lalamiko langu rasmi bado liko mezani kwao. Niko Dar, mchana natunza mfumo wa SACCOS moja, usiku nasoma. Ada natoa mfukoni mwangu, na pauni mnaijua, shilingi 3,000 ilishaivuka kitambo. Sidai upendeleo wowote. Nadai kitu kimoja walichokiandika wenyewe kwenye tangazo lao: kwamba wataalamu wa fani wataipitia kazi yangu na kunionyesha ilipo mbovu.

Sasa sikilizeni. Asainmenti kubwa ya moduli ya ujenzi wa mifumo ilitaka ripoti pamoja na msimbo wenyewe, yaani yale maandishi ya programu. Msimbo nikauweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, sehemu ya faragha kama maelekezo yalivyotaka, nikamtumia mwaliko msahihishaji kwa akaunti tuliyopewa. Walio kwenye fani wanajua, mwaliko wa GitHub usipokubaliwa ndani ya siku 7 unakufa. Ukafa. Nikatuma mwingine, nao ukafa. Nikaandika barua pepe, mashine ikanijibu kwamba ombi langu limepokelewa. Kimya. Kisha maksi zikatoka, na chini yake mrejesho: msimbo umepangwa vizuri, unasomeka kwa urahisi, ila niboreshe urejeleaji wa vyanzo.

Umesomwa na nani, na ameuona wapi?

Nikadhani labda kuna njia nyingine waliyoingilia. Nikamuuliza mwenzangu wa Nairobi tunayesoma naye. Yeye nywila ya kanzidata (database) yake aliiacha wazi kabisa ndani ya faili, kosa ambalo kijana wa mafunzo kwa vitendo akilifanya ofisini kwetu anaitwa pembeni siku hiyo hiyo. Mrejesho wake? Neno kwa neno na wangu. Msimbo umepangwa vizuri, unasomeka kwa urahisi, boresha urejeleaji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumepigwa.

Na niwaambie kwa nini inaniuma, maana wapo watakaosema "si maksi umepata, unalia nini". Kile nilichokijenga hakikuwa cha darasani. Mwanachama wa SACCOS analipa rejesho la mkopo kwa simu. Kampuni ya simu inatuma uthibitisho kwenye seva yetu. Seva ikichelewa kujibu, labda mtandao umeyumba, labda umeme umekatika, uthibitisho ule ule unatumwa tena. Programu isipojua kwamba huu ni muamala ule ule, mwanachama anaandikiwa malipo mawili wakati ametoa hela mara moja. Deni lake linapungua kwa hela ambayo haipo. Mwisho wa siku daftari la mfumo na taarifa ya benki havilingani, na wa kwanza kuulizwa hela iko wapi ni karani wa dirishani.

Dawa ya mwanzo inajulikana: namba ya kumbukumbu ya muamala iwe ya pekee kwenye kanzidata, ikija mara ya pili ikataliwe. Hilo nilifanya. Lakini kuna maswali niliyoyaandika kwenye ripoti makusudi, nikiomba jibu la mtu aliyenizidi. Mfumo ukianguka baada ya kuandika malipo na kabla ya kupunguza salio la mkopo, je, vitendo hivyo viwili viwe muamala mmoja wa kanzidata, vifanikiwe vyote au vishindwe vyote, au niweke foleni halafu kazi ya kulinganisha ifanyike usiku? Na kama salio la mkopo liko kwenye kanzidata nyingine, kama ilivyo kwetu, nifanyeje? Na msimamizi wa mfumo akilazimika kusahihisha rekodi kwa mkono, nani aone, na aone wapi? Huu ndio uhandisi wa programu wa mifumo ya habari. Ndicho nilichoenda kukinunua. Nikajibiwa kuhusu urejeleaji wa vyanzo.

Halafu hawa wako Uingereza! Nchi yenye mfano mchungu kuliko yote wa jambo hili hili. Mfumo wa hesabu wa Horizon wa Posta yao, wa kampuni ya Fujitsu, ulianza kuingizwa kwenye vituo vya posta mwaka 1999. Ukawa unaonyesha upungufu wa hela ambao haukuwepo. Posta ikaiamini mashine, ikawashitaki watu. Zaidi ya waendesha vituo 900 walitiwa hatiani, wizi, ulaghai, hesabu za uongo. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali na kugusa hesabu za kituo bila mwenye kituo kujua. Bunge likaja kufuta hukumu hizo kwa mkupuo kwa sheria ya Mei 2024.

Kila kitu kimo humo. Majaribio, kumbukumbu za nani kagusa nini, haki za kuingia kwenye mfumo, kiburi cha mwenye mfumo anapoletewa hitilafu na mtumiaji. Mimi ningekuwa mhadhiri, muhula mzima ningeukalisha hapo. Moduli zetu zote nilizopitia, Horizon haijatajwa hata kwa bahati mbaya.

Tunachofundishwa ni mfumo wa maktaba. Naam, maktaba. Mwanachama anaazima kitabu, anarudisha kitabu, akichelewa anatozwa faini. Chora mchoro wa matumizi, chora mchoro wa madaraja, chora mchoro wa mfuatano. UML, hiyo lugha ya michoro ya mifumo, ni kitu cha maana, sibishi, imekuwa kiwango tangu 1997 na ofisini tunachora ubaoni kila tunapogombana. Lakini tumechora maktaba ile ile moduli baada ya moduli, na hakuna aliyetuuliza swali la pili: kitabu kikirudishwa matawi mawili kwa wakati mmoja kwenye rekodi, mfumo unafanya nini? Mahitaji yakibadilika katikati ya mwaka, data ya zamani unaihamishaje bila kuipoteza? Nakala rudufu umewahi kuirejesha kweli, au unaiweka tu na kuomba Mungu?

Na hata nadharia wanaikosea. Kwenye slaidi zao mhandisi wa programu Winston Royce ndiye baba wa ule mtindo wa hatua kwa hatua, mahitaji kwanza, kisha usanifu, kisha kuandika, kisha kujaribu, bila kurudi nyuma. Makala yake ya 1970 ipo bure mtandaoni, kurasa chache tu. Anauchora mchoro ule, halafu hapo hapo anasema kuufuata hivyo ni hatari na ni kukaribisha kuanguka, kisha sehemu kubwa ya makala ni namna ya kuurekebisha. Aliyetengeneza slaidi hakusoma alichokinukuu. Huyo huyo ndiye ananikata maksi kwenye urejeleaji. Nililisema hili kwenye jukwaa la moduli, kwa adabu zote, nikashukuriwa kwa "mchango mzuri". Slaidi iko vile vile mpaka leo.

Hilo jukwaa la moduli nalo ni kituko. Kila wiki lazima uandike hoja moja na ujibu wenzako wawili, ina maksi. Kwa hiyo watu wanaandika kwa akili mnemba, wenzao wanajibu kwa akili mnemba, wote wanaanza kwa kupongezana kwa "uchambuzi wa kina". Mkufunzi haonekani.

Kazi ya kundi tulikuwa watano: Dar, Nairobi, Lagos, Dubai, Manchester. Watu wazuri, sina neno nao. Kikao cha moja kwa moja na mkufunzi kinawekwa saa 1 jioni ya kwao, yaani saa 4 usiku ya kwetu wakiwa kwenye majira ya baridi, saa 3 wakisogeza saa mbele. Unakaa, unasubiri, mkufunzi anasoma slaidi ambazo tayari tunazo, dakika tano za maswali, kwaheri. Tukajenga mfumo ambao kweli unafanya kazi. Maksi zilivyogawanywa sasa: sehemu ndogo mfumo wenyewe, sehemu kubwa insha ya kila mtu kujitafakari, maneno 3,000, jinsi ulivyojisikia kama mwanakikundi. Mtu mzima, ana watoto, anatunza hela za wanachama, anaandika kurasa za hisia zake kuhusu mgawanyo wa majukumu! Na hiyo insha ndiyo waliyoisoma kweli, maana maoni yalikuwa mengi.

Mtihani wa kamera sitausemea sana. Uzungushe kamera chumba kizima, usitoke nje ya picha, intaneti isikatike. Wenye kumbukumbu ya mgao wa umeme wanajua nilivyojiandaa, na bando la akiba juu.

Ila kuna watu ambao hawakunyamaza hata siku moja: watu wa udahili. Kabla sijalipa walikuwa wananipigia mpaka nikiwa kwenye daladala. "Nafasi zinajaa." "Punguzo linaisha Ijumaa." Baadaye ndipo nikaelewa kwamba vyuo vingi vya nje kozi zao za mtandaoni vinawapa makampuni binafsi yatafute wanafunzi, na kampuni inachukua sehemu ya ada. Anayekupigia simu kazi yake imeisha siku ya malipo. Nilivyompigia kuhusu mwaliko wa GitHub, namba ikawa haipatikani.

Najua kuna wazee wa "mtandaoni ndivyo kulivyo, ungeenda darasani". Hapana. Chuo Kikuu Huria chetu kimeanzishwa kwa sheria ya 1992, elimu ya masafa hatujaijua jana. Georgia Tech ya Marekani ilianza uzamili wake wa sayansi ya kompyuta mtandaoni Januari 2014, ada ya shahada nzima ikiwa chini ya dola 7,000, na kule unatuma programu, inaendeshwa dhidi ya majaribio, ikianguka unajua imeanguka. Hata kama aliyekupa majibu ni mashine, mashine imeufungua msimbo! Mimi nimelipa zaidi ya hapo na mwaliko wangu umeoza.

Na wa "chuo feki hicho" pia mmekosea, ndiyo sababu inauma. Chuo ni halali, kina mamlaka ya kutoa shahada, nikimaliza nategemea TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watakitambua cheti. Nitakuwa na karatasi inayosema mimi ni bingwa wa kujenga mifumo, iliyosainiwa na watu ambao hawajawahi kuona mstari mmoja nilioandika.

Nilipofikia: nimewasilisha lalamiko rasmi kwa utaratibu wao wenyewe, na picha za mialiko iliyokufa, tarehe zikionekana, pamoja na mirejesho miwili inayofanana, mwenzangu karidhia. Jibu la kwanza limekuja, linasema "usahihishaji ulizingatia ubora wa kitaaluma" na kwamba kutokubaliana na maksi si sababu ya kukata rufaa. Sijapinga maksi! Maksi ni nzuri, ziko juu. Nimeuliza swali la ndiyo au hapana: msimbo ulifunguliwa? Barua nzima imezunguka hilo swali bila kuligusa. Nimepanda ngazi ya pili.

Kwa faida ya wengine walioko vyuo vya England na Wales: mkimaliza ngazi zote za ndani, dai barua ya kukamilisha utaratibu. Ukiwa nayo una miezi 12 kupeleka shauri OIA, ofisi huru ya malalamiko ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na mwanafunzi halipi kitu. Hawatakubadilishia maksi, hukumu ya kitaaluma hawaigusi, lakini wanaangalia kama chuo kimefuata utaratibu wake na kama kimekupa ulichoahidiwa. Tunzeni ukurasa wa tangazo la kozi mliyoiona kabla ya kulipa, upigeni picha leo, maana huwa unabadilishwa.

Ninachoomba humu: aliyewahi kufikisha shauri OIA akiwa huku Afrika Mashariki aseme lilichukua muda gani na walidai vielelezo gani. Na aliyesoma uzamili wa namna hii mtandaoni, chuo chochote, msimbo wake ukasomwa na binadamu akaandikiwa "mstari huu una hatari, sababu ni hii", atupe jina la kozi hadharani, nina wadogo zangu wawili ofisini wanaulizia pa kwenda mwakani.

Wale wa "kwani cheti si utapata, mkuu?" msimalizie bando lenu hapa.