Fizio anampaka mama krimu halafu anapitisha ultrasaundi juu yake, hivi dawa inaingia kweli?

BintiPangani:
Habarini wapendwa. Mama yangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa na bega lake la kulia limekakamaa, kitenge hawezi kujifunga mwenyewe, kusuka nywele ndo kabisa. Tumeanza fiziotherapia, fizio anafinya krimu nyeupe ya maumivu, ile nzito, anaisambaza begani halafu anachukua kile kichwa cha mashine cha chuma, kiduara, anakizungushazungusha juu ya krimu kama dakika 5 hivi, basi imeisha. Tukauliza, akasema mawimbi ya sauti yanasukuma dawa iingie ndani. Tumeenda mara 4, kila mara tunalipa na mama haoni tofauti. Sasa naomba kuelimishwa, hii kitu ni ya kweli? Na kama sauti inapitisha dawa kwenye ngozi mbona mama bado anajidunga insulini asubuhi na jioni mpaka tumbo limeota vinundu?

FizioKazini:
Pole sana dada, mpe mama salamu. Kitu chenyewe kipo, kinaitwa fonoforesisi na ni cha zamani, mwaka 1954 Fellinger na Schmid waliandika kuhusu kutumia haidrokotizoni, dawa ya kupunguza uvimbe, pamoja na ultrasaundi kwa wenye yabisi ya viungo vya vidole. Lakini hapo kwenye krimu nyeupe ndo nimeshtuka. Sauti ya mashine zetu, megahezi 1 au 3, haipiti kwenye hewa, ndo maana kila siku tunapaka jeli, sasa krimu nyingi nzito nyeupe nazo zinaizuia vilevile. Mwaka 1992 Cameron na Monroe walipima vitu mbalimbali vinavyotumika kwenye hii tiba, jeli zilipitisha vizuri ila krimu nyingine za haidrokotizoni hazikupitisha kitu kabisa. Yani mashine inawaka, saa inahesabu, mgonjwa kalala, na hakuna sauti inayofika begani.

Unaweza kuona kwa macho. Mwombe akigeuze kichwa cha mashine kiangalie juu, azungushie plasta pembeni kiwe kama kikombe kidogo, atie jeli ya kawaida kidogo, juu yake maji, halafu awashe. Maji yatatetemeka, yataruka vitone vidogo kama yanataka kuchemka. Kisha afute, arudie na ile krimu. Maji yakitulia tuli, jibu umepata.

Na dada, hili usilipuuze: mwenye kisukari cha miaka mingi ngozi inaweza kupoteza hisia za joto, na ultrasaundi inapasha moto. Lazima apimwe kwanza kama anahisi moto na baridi hapo begani, la sivyo anaweza kuungua hata asiseme kitu.

MfamasiaWaMtaa:
Naongezea kwenye insulini maana swali la huyu dada ni zuri kuliko anavyodhani. Ngozi ya juu kabisa, ile ya seli zilizokufa, sehemu kubwa ya mwili unene wake ni maikromita 10 mpaka 20 tu, ila ni ukuta kweli kweli, seli zimepangwa kama matofali na katikati kuna mafuta. Kwa kawaida inapita dawa ndogo, uzito wa molekuli usiozidi kama 500. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, iko karibu 300, haidrokotizoni 362, hizo zinajipenyeza zenyewe pole pole hata bila mashine. Insulini ni kama 5,800, haipiti hata upake kutwa nzima.

Mwaka 1995 pale chuo kikuu cha MIT Marekani, Mitragotri, Blankschtein na Langer walitumia sauti ya chini sana, kilohezi 20, wakapitisha insulini kwenye ngozi, na panya wenye kisukari sukari ikashuka. Sauti ya chini namna hiyo inatengeneza vipovu ndani ya kimiminika, vikipasuka karibu na ngozi vinafungua njia kwenye yale mafuta. Ni mashine tofauti kabisa na ya huyo fizio. Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaruhusu kifaa kinaitwa SonoPrep, kilohezi 55, kazi yake kuandaa ngozi ili krimu ya ganzi ifanye kazi ndani ya dakika 5 badala ya saa zima. Hiyo ni ganzi. Kwa insulini tatizo ni dozi, ikizidi kidogo mtu anazimia, na ngozi haifunguki sawa kwa kila mtu. Kwa hiyo mama asiache sindano hata siku moja nakuomba sana, na hivyo vinundu ni kwa sababu anadunga palepale, awe anahama upande mpaka upande, mapaja pia yanafaa.

MzeeWaMbao:
Mimi bega liliganda mwaka na nusu, na mimi ni wa sukari. Ultrasaundi nilifanyiwa sana, inatuliza kidogo unaondoka. Kilichonirudisha ni mazoezi, kupandisha vidole ukutani taratibu, halafu kanga unaishika nyuma ya mgongo mkono mmoja juu mmoja chini unavuta, inauma lakini kila siku.

FizioKazini:
Mzee umesema ukweli. Tafiti nyingi zikilinganisha jeli yenye dawa na jeli tupu chini ya mashine hazioni tofauti kubwa. Mimi siku hizi naitumia kulegeza bega kabla ya mazoezi, simwambii mgonjwa kwamba ndo tiba.

BintiPangani:
Nimerudi jamani, asanteni mno. Leo nilimwomba kwa heshima akakubali kujaribu maji. Kwa jeli yaliruka mpaka mama akasema "kumbe!" Kwa krimu yalitulia kama kwenye ndoo. Fizio mwenyewe alinyamaza, akarudia mara ya pili, halafu akaifunga ile krimu akaiweka kabatini. Akampima mama hisia kwa chupa ya maji ya moto na ya baridi, begani anahisi vizuri, ila miguuni amekosea mara mbili, kesho nampeleka kliniki ya sukari waangalie miguu. Kanga ameshaanza kuvuta, mkono umefika kiunoni.