Ukuta wa nyuma wa jengo letu la zamani Kisumu: tupige plasta au tubomoe tujenge ghorofa?

JaKisumo: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Tuna jengo la familia karibu na mtaa wa Oginga Odinga. Maduka chini, vyumba juu, kuta za mawe za inchi 18 zilizojengwa kwa chokaa, paa la bati, veranda ya nguzo mbele. Ukuta wa nyuma una unyevu kwa chini, plasta inabambuka, na kuna ufa. Mwekezaji anataka tuingie ubia, tubomoe, tuweke ghorofa sita. Ndugu zangu wawili wameshakubali. Nikipiga plasta ya saruji upya itashika, au hiyo ni pesa ya kutupa?

ChokaaYaKoru: Saruji usiiguse. Ukuta wa aina hiyo hauna kizuizi cha maji kwenye msingi. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea kwenye chokaa iliyo kati ya mawe. Ukiuziba kwa saruji utapanda juu zaidi, chumvi itakaukia nyuma ya plasta, na plasta itaanguka na uso wa jiwe. Iliyopo ibandue kwa tindo na nyundo ya mkono. Udongo wa nje uuteremshe hadi inchi 6 chini ya sakafu, na mifereji ya paa imwage maji mbali na ukuta. Kisha tumia chokaa iliyochomwa na kuzimwa, ikae chini ya maji wiki tatu au zaidi, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga mkali uliooshwa. Tabaka lisizidi nusu inchi, na ulifunike kwa magunia yaliyoloweshwa wiki nzima, maana likikauka haraka kwa jua la huku linageuka unga. Dukani uwe macho: chokaa ya shamba ni jiwe lililosagwa tu, halijachomwa, haishiki kitu.

Bi_Mipango: Kabla ya plasta, hakikisha kama jengo limetangazwa kwenye Gazeti la Serikali chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006. Tangazo likitoka, mwenye jengo ana muda uliowekwa wa kupinga. Hata kama halijatangazwa, kubomoa na kujenga kunahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na usajili wa mradi NCA, mamlaka ya ujenzi.

MamaDuka_Nakuru: Mwanangu, kaa chini na karatasi. Kodi inakoma siku wapangaji wanapotoka, riba ya benki haikomi. Andika kodi ya miezi yote ya ujenzi, ada za vibali, na miezi ambayo vyumba vipya vitakaa wazi vikingoja watu. Kwenye ubia, uliza fungu lenu linapimwa kwa thamani ya ardhi ya leo au ya jengo likiisha. Hapo ndipo familia nyingi huumia. Na veranda hiyo ni mali: jua na mvua ya Kisumu humleta mteja chini yake, naye husimama mbele ya duka. Mnara wa saa hapo mtaani ulizinduliwa 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha. Tukiuzungushia majengo ya vioo pande zote, watoto wetu watajuaje ulikuwa katikati ya mji wa namna gani?

Mwashi_Kondele: Mmeongea plasta na kodi, ufa mmeuruka. JaKisumo, ulianza lini? Uko kona ipi? Nje ya ukuta huo kuna nini?

JaKisumo: Ufa ni wa kawaida tu, jengo lina miaka mingi. Ninachotaka kujua ni plasta.

Mwashi_Kondele: Mawe na chokaa hayapasuki kwa uzee. Kuna kitu kimesogea. Jibu nilichouliza.

JaKisumo: Sawa. Tumechimba mtaro uani, wa msingi wa ghorofa mpya. Unapita kando ya ukuta wote, futi 40, kina futi 6. Lakini msituhukumu. Mtambo unalipiwa kwa siku, na mkandarasi alisema tukichimba nusu nusu tutalipa mara mbili. Kibali tumeshaomba, hii ni wiki ya tatu.

Bi_Mipango: Kuomba si kupewa, ndugu yangu. Kaunti ina siku 60 za kujibu. Hadi sasa mmechimba bila ruhusa.

Mlinzi_Milimani: Mimi siamini hii habari. Kwanza plasta, kisha ufa wa kawaida, sasa mtaro wa futi 6. Kila akiulizwa inabadilika, na picha hata moja hakuna. Nadhani huyu ni dalali anayekusanya maneno ya kitaalamu ili jengo litangazwe hatari, amri ya kubomoa itoke, na sheria ya turathi ibaki pembeni. Wakuu, msimwandikie ripoti ya bure.

ChokaaYaKoru: Hata mimi nimeanza kushuku. Mtu wa familia angeanza na mtaro.

JaKisumo: Sikuanza nao kwa sababu ndugu zangu wanasoma hapa. Nimetoka kupima sasa hivi. Ufa uko pale ukuta wa nyuma unapokutana na ukuta wa kugawanya vyumba. Karibu na sakafu ni milimita 4, chini ya dari ni 14. Timazi inaonyesha ukuta umeegemea uani.

Mwashi_Kondele: Mlinzi, dalali angetunga ufa wenye upana mmoja juu na chini. Ufa unaopanuka kwenda juu, na ukuta umeinamia mtaro, ni msingi uliopoteza udongo wa kuushika upande wa nje. Misingi ya zamani haiendi chini sana, mara nyingi futi 2 au 3. Ninyi mmeshuka futi 6.

JaKisumo, plasta iache. Wapangaji watoke vyumba vya nyuma leo, juu na chini. Mtu yeyote asishuke mtaroni. Mwage murram kutoka ng'ambo ya mtaro, mbali na ukuta, hadi ujae nusu. Hapo ndipo watu washuke kushindilia kwa mkono, tabaka za inchi 6, mpaka juu. Mashine ya kutetemesha isikaribie. Mtaro ukijaa, weka mihimili ya kuegemeza ukuta kila futi 7, vichwa vikigota usawa wa sakafu ya juu, miguu ikikanyaga ubao mpana. Bandika kipande cha kioo juu ya ufa, andika tarehe. Kikivunjika, bado unasogea. Ukarabati wenyewe ni wakati wa hatari: Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ya 1883, iliporomoka 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa.

Bi_Mipango: Na tafuteni mhandisi aliyesajiliwa aandike alichokiona. Mkitaka kujenga bado kuna njia: bakizeni vyumba vya mbele na veranda, ghorofa mpya isimame uani kwa nguzo zake, na nafasi ya inchi 2 kati yake na ukuta wa zamani.

Mwashi_Kondele: Msingi wake uchimbwe vipande vya futi 4, ruka kimoja chimba kingine. Kipande kimwagwe zege na kukomaa kabla jirani yake kuguswa.

JaKisumo: Mvua ya jana imeacha maji mtaroni, kama futi moja. Nipampu kwanza?

Mwashi_Kondele: Pampu ikae ng'ambo, ivute polepole, na maji yakianza kutoka na tope, izimwe. Murram ianze kumwagwa mtaroni mkabala na ufa. Lori la kwanza lifike kabla ya mvua ya jioni.