MREJESHO: Kile chuma cha shimoni Kondoa

Wakuu, nilileta hapa habari ya chuma chenye kutu, kama chupa kubwa ya soda, tulichokikuta tukichimba choo. Wengine mlisema silinda ya trekta. Sio. Ni kombora la mzinga, na lilikuwa bado halijalipuka!

Mlioniambia nisiliguse, asanteni. Mjomba alishaanza kulikwangua kwa panga, eti akauze chuma chakavu. Polisi walizungushia utepe, wakaja wanajeshi. Mmoja alinionyesha kwa mbali pete ya shaba karibu na kitako, imegeuka kijani: ikiwa na mikwaruzo ya mshazari, ujue limeshapita kwenye mtutu. Letu lilikuwa na mikwaruzo hiyo. Huenda ni la mapigano ya 1916, Wajerumani na Waingereza. Wamelilipua korongoni. Choo tumehamishia nyuma ya zizi.