Kupanga chumba Iyunga, Mbeya

Swali: Wakuu, mdogo wangu amechaguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, lakini hakupata nafasi bwenini. Naombeni ushauri kuhusu kupanga Iyunga.

Jibu la 1: Ndugu, kabla ya kulipa kodi, ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi kadhaa kwa mkupuo, aulize kama luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya chumba chake pekee, maana mita ya pamoja huzaa ugomvi uniti zinapoisha usiku wa kuamkia mtihani.

Jibu la 2: Akague pia dari, kwani baridi ya Juni na Julai huku haina mzaha. Blanketi zito la mtumba atalipata sokoni Mwanjelwa.

Jibu la 3: Apange na mwenzake wagawane kodi, maana bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, huchelewa.